Je, Wajua? Si Baridi ya Ufipa Inayovimbisha Vidole

Je, wajua kwamba baridi haimpi mtu baridi yabisi? Jina hilo limetokana na tiba ya kale ya Waarabu na Wayunani, iliyopanga maradhi kwa joto, baridi, ukavu na unyevu. "Yabisi" ni kavu. Sumbawanga, mji wa uwanda wa juu wa Ufipa ulio karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, jina hilo huaminika kirahisi mno, hasa Juni na Julai. Kweli, baridi huzidisha maumivu. Lakini kinachovimbisha ni kinga ya mwili iliyogeuka na kushambulia utando wa ndani wa viungo. Anayeambiwa "ni baridi tu, jifunike vizuri" hupoteza miezi isiyorudi, kwa sababu mfupa unaweza kuanza kuliwa ndani ya miaka 2 ya mwanzo.

Wajua kwamba asubuhi yenyewe ni kipimo? Magoti yaliyosagika hukakamaa kidogo mtu akiamka, yakalegea ndani ya nusu saa, kisha yakauma zaidi jioni baada ya kazi. Baridi yabisi huenda kinyume. Vidole vya mikono yote miwili hukakamaa saa nzima au zaidi, na hupata nafuu vikianza kufanya kazi. Kwa hiyo tabibu wa zahanati asiishie kwenye "unaumwa wapi?" Amuulize mama: ukiamka, kitenge unakifunga mwenyewe? Mpini wa jembe unashikika saa ngapi? Mwanamke anayefukia majani kwenye ntumba, yale matuta ya duara ya Wafipa, anajua vizuri sana mikono yake inafunguka saa ngapi. Hakuna aliyemuuliza.

Kipimo kingine hakihitaji umeme wala maabara: kubana kiganja kwa upole, kuvuka vifundo ambako vidole vinaanzia. Mgonjwa akishtuka kwa maumivu, hiyo ni dalili ya kufuatilia. Ufipani watu husalimia kwa kuchuchumaa na kupiga makofi taratibu, na naamini salamu hiyo huanza kuwa mateso mapema, kabla mtu hajafikiria kwenda zahanati.

Wajua kwamba karatasi ya maabara inaweza kupotosha? Kipimo cha "rheumatoid factor" hutoka hasi kwa wagonjwa wapatao 20 hadi 30 katika kila 100 wenye baridi yabisi, na kinaweza kutoka chanya kwa mtu mwenye kifua kikuu au homa ya ini. Asidi ya yuriki nayo inaweza kuonekana ya kawaida siku ileile jongo linapowaka kwenye dole gumba la mguu, baada ya pombe na dagaa.

Goti moja likivimba ghafla, likawa la moto, na homa juu: hospitali siku hiyohiyo. Usaha ndani ya kiungo hukiharibu kwa siku chache, na maji yake lazima yavutwe kwa sindano yakapimwe.

Mtoto ambaye maumivu yanahama kutoka goti hadi kiwiko baada ya kuumwa koo, moyo wake usikilizwe. Vidole vya mtoto mchanga vikivimba, fikirini selimundu.

Na mfugaji wa bonde la Rukwa anayekunywa maziwa mabichi, mwenye homa inayokwenda na kurudi, jasho la usiku na kiuno kinachouma, ametibiwa malaria mara ngapi? Huenda ni bruselosi, ugonjwa uleule unaotupisha ng'ombe mimba.

Wajua kwamba chikungunya iligunduliwa hapahapa nchini? Ni mlipuko wa mwaka 1952, kwenye uwanda mwingine wa juu, ule wa Wamakonde. Neno lenyewe ni la Kimakonde, likimaanisha kujikunja kwa maumivu. Viungo vinaweza kuuma kwa miezi, vikafanana kabisa na baridi yabisi.

Mwaka 1948, huko Marekani, Philip Hench alimpa mgonjwa wa baridi yabisi kotisoni, na mwanamke aliyeshindwa kutembea akatembea. Mwaka 1950 akapata Tuzo ya Nobel. Ndugu za dawa hiyo, kama prednisoloni, leo hununuliwa dukani kwa miezi bila daktari. Uso huwa mviringo, sukari hupanda, mifupa hulika, na kuziacha ghafla ni hatari.

Dawa inayozuia ugonjwa wenyewe ni methotreksati, na hunywewa mara moja kwa wiki. Si kwa siku. Kwa wiki. Ikinywewa kila siku hutoa vidonda mdomoni, huangamiza uboho na inaweza kuua. Mjamzito haruhusiwi kabisa. Huchukua wiki 6 hadi 12 kuonyesha nguvu, na asidi ya foliki hutolewa pamoja nayo, siku tofauti. Mfamasia aandike juu ya pakiti jina la siku, kwa herufi kubwa: JUMAPILI, BAADA YA MISA.