Kipande: Karatasi Iliyohesabu Siku za Wazee Wetu

Neno "kipande" sote tunalijua. Tunasema kipande cha sabuni, kipande cha nyama, kipande cha shamba. Lakini mwulize mzee wa Kiomboi, wa Kinampanda au wa Ulemo aliyevuka miaka 80. Huenda atacheka kidogo, halafu atakuambia habari nyingine kabisa. Kwake yeye kipande ni karatasi ngumu yenye vyumba 30. Kila chumba kilikuwa siku moja ya jasho lake katika shamba la mkonge, mbali sana na Iramba.

Wazee hao sasa wamebaki wachache. Ndiyo maana leo tunataka kueleza kipande kilikuwa nini, kilihesabiwaje, na kwa nini watu walikipenda na kukichukia kwa wakati mmoja.

Kazi kabla ya mshahara

Zamani kazi haikuwa na bei ya fedha. Mtu alilima mtama na uwele wake, akachunga ng'ombe wake. Kazi ikiwa kubwa, aliwaalika majirani. Walikuja na majembe yao, wakalima, na jioni wakanywa pombe ya mtama. Kesho yake ilikuwa zamu ya mwingine. Hakuna aliyeandika siku, lakini kila mtu alijua nani amekuja na nani hakuja. Ukikwepa kulima kwa wenzako, kwako nao hawakuonekana.

Kilichobadilisha mambo ni kodi. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898. Waingereza walipoichukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliendelea nayo. Mwaka 1922 walitunga sheria ya kodi ya nyumba na ya kichwa. Kodi ilitakiwa kwa fedha. Sasa fedha utaipata wapi? Ulikuwa na njia mbili: uuze mifugo au mazao, au uuze nguvu zako. Asiye na ng'ombe alibaki na njia moja tu.

Dhahabu ya Sekenke

Hapa kwetu kazi ya mshahara ilikuwa karibu. Kila anayesafiri kwenda Nzega anaujua mlima Sekenke, ule wenye kona zinazowatisha madereva wa malori. Huko dhahabu ilianza kuchimbwa wakati wa Wajerumani, miaka michache kabla ya vita. Ulikuwa mgodi mkubwa wa dhahabu katika nchi hii kwa wakati huo. Waingereza nao waliuendeleza baadaye.

Kuna jambo moja la Sekenke ambalo wengi hawalijui. Wakati wa vita Wajerumani walikatiwa njia ya bahari, wakakosa fedha za sarafu. Basi mwaka 1916, katika karakana ya reli ya Tabora, walitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15. Upande mmoja kuna tembo, na nyuma yake kuna mlima. Upande wa pili kuna tai. Dhahabu yake ilitoka Sekenke. Zilitengenezwa zaidi ya 16,000, na mwezi wa Septemba mwaka huohuo jeshi la Wabelgiji likauteka mji wa Tabora. Leo sarafu moja ya tembo inauzwa Ulaya kwa mamilioni ya shilingi. Siku zile rupia 15 zilikuwa karibu na ujira wa mwezi mzima wa kibarua. Hatudhani kwamba wapondaji mawe wa Sekenke waliziona nyingi mikononi mwao.

Safari ya mkonge

Wengine hawakubaki karibu. Walikwenda mkongeni, Tanga na Korogwe, au Morogoro na Kilosa. Mmea wa mkonge wenyewe ulikuwa mgeni. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani mmoja, Richard Hindorf. Aliagiza miche 1,000 kutoka Marekani, lakini iliyofika hai ni 62 tu. Kutokana na miche hiyo michache mashamba yalienea hadi Tanganyika ikawa nchi inayouza mkonge mwingi kuliko nchi nyingine duniani.

Mashamba hayo yalihitaji watu wengi sana, na wenyeji wa karibu hawakuitaka sana kazi ile. Walikuwa na mashamba yao. Hivyo watu walitafutwa mbali: Singida, Kigoma, Songea, hata Rwanda, Burundi na Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kutafuta wafanyakazi. Watu walikiita Silabu.

Aliyeandikishwa kwa mkataba aliitwa manamba. Neno hili limetokana na "namba", kwa sababu kila mmoja alipewa namba yake. Manamba alipelekwa kwa lori na kwa gari moshi, chakula cha njiani juu ya mwajiri. Lakini wako waliokataa uandikishaji. Walikwenda kwa miguu au kwa nauli yao, wakachagua shamba wenyewe. Wakiona nyapara ni mkali, walimaliza kipande kimoja wakahamia shamba jingine. Kwa maoni yetu hao walikuwa wajanja zaidi, ingawa walitembea na njaa.

Kipande kilivyohesabiwa

Sasa tufike kwenye karatasi yenyewe.

Kila asubuhi mfanyakazi alipewa ngwe, yaani kiasi cha kazi cha siku ile. Kwa mkata mkonge ngwe ilikuwa idadi ya mafungu ya majani. Aliamka kabla ya jua, akakata majani, akatoa miiba ya nchani, akafunga mafungu, akayabeba hadi njia ya matroli. Matroli yaliyapeleka korona. Korona ni mashine inayokwangua jani na kutoa nyuzi. Maji ya mkonge huwasha ngozi, na mwiba wake ukiingia jichoni si mchezo.

Ngwe ikikamilika, karani aliandika alama katika chumba kimoja cha kipande. Ngwe isipokamilika, hakuna alama. Jumapili hakuna alama. Siku ya ugonjwa hakuna alama. Mshahara ulilipwa vyumba vyote 30 vilipojaa. Ukiwa na vyumba 29, bado.

Shika kalamu ufanye hesabu pamoja nasi. Huu ni mfano tu, tarakimu zake tumezichagua ziwe rahisi. Tuseme kipande kizima kinalipwa shilingi 15. Kwa siku 30, hiyo ni senti 50 kwa siku. Lakini tuseme katika muda huo kulikuwa na Jumapili 6, mtu akaumwa siku 4, na siku 5 hakumaliza ngwe. Jumlisha: 30 na 6 na 4 na 5. Unapata siku 45. Sasa chukua shilingi 15, yaani senti 1,500, ugawe kwa 45. Unapata senti 33 na kidogo. Fedha ni ileile, lakini siku zimeongezeka.

Endelea kidogo. Tuseme mtu amekubali mkataba wa vipande 9. Nyumbani amemwambia mkewe, "Nitarudi baada ya miezi 9." Lakini vipande 9 vya siku 45 ni siku 405. Huo ni mwaka mmoja na siku 40! Mke anangoja mavuno ya kwanza, hakuna mtu. Watu wanaanza kusema, "Huyo amekwisha potea, ameoa Korogwe." Kumbe yuko mkongeni anajaza vyumba.

Asiyejua kusoma

Hapa ndipo lilipokuwa tatizo kubwa. Wengi waliokwenda mkongeni hawakujua kusoma. Mkataba walisomewa na mtu mwingine, wakatia dole gumba. Kipande walikibeba wenyewe kila siku, lakini aliyekiandika alikuwa karani. Karani akisema, "Jana ngwe yako haikutimia," utamjibu nini? Nyapara akikukasirikia, alama inaweza kukosekana. Wengine walitafuta dawa yao: walifunga fundo katika kamba kila siku waliyomaliza ngwe, au walikata alama kwenye fimbo. Kamba iliwasaidia kujua ukweli. Haikuwasaidia kudai, maana ofisini kamba si ushahidi.

Sheria nayo iliegemea upande mmoja. Kwa sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923, mfanyakazi aliyetoroka kabla ya mkataba kwisha alionekana mkosaji wa jinai. Aliweza kutozwa faini au kufungwa. Leo ukivunja mkataba wa kazi mnadaiana. Wakati ule manamba alitafutwa na polisi.

Msichanganye kipande hiki na kile cha Kenya. Kule kipande kilikuwa kitambulisho chenye alama za vidole, na wanaume Waafrika walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Chetu kilikuwa cha kuhesabu kazi. Wajerumani nao walikuwa na cha kwao huko Usambara. Mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, wanaume walipewa kadi za kuwalazimisha kufanya kazi siku 30 kwa Wazungu katika kila miezi minne.

Waliobaki nyumbani

Habari za manamba husimuliwa sana na wanaume. Lakini nani alilima Iramba wakati huo? Mwanamke alilima sehemu yake na sehemu ya mume. Alipalilia, alilinda ndege, alivuna, alitwanga, alifuata maji, aliuguza watoto na wazee. Kazi yake haikuwa na karani wala chumba cha kuandikwa alama. Wala pombe ya kualika majirani haikuwa rahisi kwake, maana waliokuwa wa kualikwa nao wako Tanga. Tukihesabu jasho la mkonge bila kuhesabu la hao, hesabu yetu ni nusu.

Na wako manamba ambao hawakurudi. Wengine walikufa huko. Wengine walijenga karibu na mashamba, wakaoa, wakazaa. Ndiyo maana hadi leo huko Tanga na Morogoro kuna watu ambao babu zao walitoka Singida.

Kipande kilivyokwisha

Katika miaka ya 1950 wafanyakazi wa mkonge waliunda chama chao. Mwaka 1958 ulitokea mgomo mkubwa katika shamba la Mazinde, karibu na Korogwe. Uliendelea kwa zaidi ya miezi miwili. Watu waliokuwa wakisemewa na karani sasa walisema wenyewe. Baada ya Uhuru, mwaka 1962, ikatungwa sheria ya kima cha chini cha mshahara. Utaratibu wa kuandikisha manamba ulikwisha katika miaka hiyohiyo ya 1960. Kisha bei ya mkonge ikaanguka, kwa sababu nyuzi za viwandani zilianza kutumika badala yake. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilichukua mashamba mengi. Vibarua walipungua sana.

Kama nyumbani kwenu kuna sanduku la babu, lifungue kwa ruhusa ya wenyewe. Ukikuta kipande, usikikunje na usikiloweshe. Kiweke kati ya kurasa za daftari, mbali na moshi na mchwa. Soma jina, namba na shamba. Hesabu vyumba vilivyojaa. Kama mzee yupo, kaa naye umwulize: alikwenda mwaka gani, kwa lori au kwa miguu, alijaza vipande vingapi, na fedha alizifanyia nini. Mwulize na bibi nani alimsaidia kulima mwaka ule. Yaandike majibu yao kama walivyoyasema, halafu juu ya ukurasa weka tarehe na jina la kijiji.