Paka wa Ukweni Aliniambia Mara Tatu

Wapo wanaoikumbuka siku ya kwanza ukweni kwa pilau, wengine kwa vigelegele. Mimi naikumbuka kwa matundu manne kwenye mkono wa kulia.

Ilikuwa hivi. Niliondoka Mwanza alfajiri na basi, nikapita Lamadi, Bunda, nikavuka Mto Mara pale daraja la Kirumi, hadi Tarime. Shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, mfuko una sukari, majani ya chai na vitenge. Nilikuwa naenda kujitambulisha kabla wazee wa kwetu hawajatia mguu kuzungumzia ng'ombe. Na kwa Wakurya, jamani, habari ya ng'ombe si mzaha. Mkwe mtarajiwa anapimwa tangu anapobisha hodi: anasalimiaje, anakaaje, anakulaje.

Nikakaribishwa sebuleni. Kwenye kochi, kando yangu, alikuwa amelala paka wao, mweusi mwenye kifua cheupe, wenyewe wanamwita Pusi. Mzee ananitazama. Nikajisemea moyoni, hapa ndipo pa kujipatia alama za bure. Nikanyoosha mkono, nikampapasa mgongoni, nikashuka hadi tumboni. Mkia wake ukaanza kupiga kochi, huku na huku. Mimi nimekulia nyumba yenye mbwa, nikatabasamu na kumwambia mzee, "Ona baba, amenifurahia!"

Sikuimaliza hiyo sentensi vizuri. Pusi aligeuka kama umeme, akanikamata mkono kwa kucha na meno, kisha akapotelea uvunguni.

Mchumba wangu akatoka jikoni mbio. Nilitegemea pole. Badala yake akauliza, "Mkia ulikuwaje?"

"Ulikuwa unacheza."

"Haukuwa unacheza. Ulikuwa unakukataza."

Sabuni kwanza, aibu baadaye

Niwaeleze kwamba bibie ni afisa mifugo, kituo chake cha kazi ni Mugumu, wilaya ya Serengeti. Kwa hiyo hakunipa muda wa kuona aibu. Alinivuta hadi nje, akachukua jagi la maji na sabuni ya kipande, akanisugua jeraha dakika 15 kwa saa. Mama mkwe alikuwa anachungulia kutoka mlango wa jikoni. Heshima zote nilizojipanga nazo zikaenda na povu.

Kumbe kulikuwa na sababu. Kichaa cha mbwa kinaitwa hivyo, lakini si cha mbwa peke yake. Paka naye hukipata, akishang'atwa na mbwa au mnyama wa porini mwenye ugonjwa, na hukipitisha kwa mate. Dalili zikishaanza kwa binadamu, kupona ni kama hakuna. Lakini ukiosha jeraha vizuri na kuwahi chanjo kabla ya dalili, unakingwa.

Pusi alikuwa hajachanjwa. Na hapo ndipo mchumba wangu aliponyamaza, kwa sababu yeye ndiye anayezunguka vijiji vya watu akihimiza chanjo, halafu paka wa mama yake amesahaulika.

Zahanati ya kwanza tuliyokwenda haikuwa na chanjo. Tukapanda bodaboda hadi pengine, jua linazama, mimi mkono umefungwa leso, naye nyuma yangu haongei. Huko ikapatikana. Sindano ya kwanza siku hiyohiyo, nyingine siku ya 3, nyingine ya 7, zilizobaki nikapangiwa ratiba.

Siku kumi za kumtazama paka

Daktari akatuambia jambo moja zaidi: paka asiuawe wala asifukuzwe, awekwe ndani na aangaliwe siku 10. Paka au mbwa aliyekuwa na virusi kwenye mate wakati anang'ata, ndani ya siku hizo huugua na kufa. Akibaki mzima, hakukuambukiza. Lakini sindano huanza mara moja, hazingoji jibu la paka.

Nilikuwa na likizo ya wiki mbili. Nikapanga gesti mjini, na kila asubuhi nikawa nakwenda kumtazama Pusi. Mzee ananipokea barazani, "Mura, yu hai!" Tunacheka, tunakunywa chai. Baridi ya asubuhi ya Tarime inauma, uji wa mtama unapita, na mbele yetu amekaa paka ambaye maisha yangu yanamtegemea. Hakuna darasa ambalo nimewahi kulisikiliza hivyo.

Mwalimu alikuwa mchumba wangu. Hivi ndivyo alivyonifundisha.

*Mkia.* Paka akija kwako mkia umesimama wima, ncha imejikunja kidogo, hiyo ni salamu. Mkia unaopigapiga kushoto na kulia ni kinyume kabisa cha mbwa: amekereka, acha. Mkia uliovimba manyoya kama brashi ni hofu. Ukifichwa chini ya tumbo, naye amejikunyata, anaomba kuachwa.

*Masikio.* Yakielekea mbele, ametulia au anadadisi. Yakigeukia pembeni, ameanza kuchoka nawe. Yakilala nyuma kabisa, ondoa mkono.

*Macho.* Kumkazia paka macho ni kumtisha. Ukitaka urafiki, fumba macho polepole, fumbua, kisha angalia pembeni. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walieleza kwamba paka hujibu ufumbaji huo kwa kufumba macho nao, na huwa wepesi zaidi kumsogelea mtu aliyefanya hivyo.

*Tumbo.* Waswahili tunasema paka hakubali kulala chali. Ndiyo maana akilala chali mbele yako amekupa heshima kubwa. Lakini kukuonyesha tumbo si kukukaribisha ulishike. Wengi wetu tunang'atwa hapo.

*Kukoroma.* Mara nyingi ni raha, ila paka mgonjwa au mwenye maumivu naye hukoroma. Utazame na mwili wote.

*Kujisugua.* Akikupitishia shavu na kichwa mguuni, anakupaka harufu yake. Umeingizwa kwenye ukoo.

Na namna ya kuanza? Chuchumaa, nyoosha kidole kimoja, ngoja. Asipokuja, hajakutukana, hajawa tayari tu. Akija na kujisugua, mkune mashavuni, chini ya kidevu, katikati ya masikio. Kisha acha kidogo. Akitaka tena, atakuambia mwenyewe.

Nikarudisha mkanda wa siku ile kichwani. Mkia ulipigapiga. Masikio yalilala. Ngozi ya mgongo ilitetemeka chini ya kiganja changu, nikadhani ni raha. Pusi aliniambia mara tatu. Mimi nilikuwa nahesabu alama kwa mzee.

Kwa nini hapigi kelele?

Nilimuuliza mchumba wangu kwa nini paka asiseme wazi kama mbwa. Siku ya 7, baada ya sindano, tulisafiri kwenda Mugumu alikokuwa na kazi, tukavuka tena Mto Mara, kwa njia nyingine. Njiani akanionyesha vichaka vya upande wa Serengeti. Kwenye pori kama hilo, akasema, anaishi paka pori, mwenye rangi ya vumbi na miguu mirefu, ambaye ukimwona haraka utadhani ni wa jirani. Utafiti wa vinasaba uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wote wa majumbani duniani wametokana na paka pori wa aina hiyo wa Mashariki ya Kati. Ni mwindaji anayewinda peke yake, na mdogo kiasi kwamba naye anawindwa. Mnyama wa namna hiyo hapigi kelele za bure. Anasema kwa mkia na masikio, kwa anayetazama. (Na ukimkuta paka pori, au kinda lake, usimshike hata akionekana mpole.)

Huko Mugumu nikajifunza jingine. Mwaka 1996 ilianza kampeni ya kuchanja mbwa katika vijiji vya wilaya ya Serengeti, na ndani ya miaka michache kichaa kwa mbwa kilishuka sana, na watu waliohitaji tiba baada ya kung'atwa wakapungua. Hesabu ya wataalamu ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100. Kwa hiyo ikitangazwa siku ya chanjo mtaani kwenu, mbwa aende, na paka mtie kwenye kapu aende.

Halafu kuna dalili ambazo si lugha, ni ugonjwa. Paka mpole anayegeuka mkali ghafla bila kuchokozwa, au mwoga anayekuwa mzoefu kupita kiasi, anayetoka udenda, anayeshindwa kumeza, anayeyumba. Huyo msimguse. Toeni watoto, mwiteni afisa mifugo.

Na yule wa pili

Tulipokuwa tunarudi Tarime, nilianza kuzungumza, kama kawaida yangu, kuhusu nyumba niliyoiona Mwanza, na jinsi atakavyoacha kazi ya Mugumu tukishaoana. Akageukia dirishani. Mabega yakapanda. Mkono wake ukatoka kwenye wangu, taratibu.

Kwa mwaka mzima nilikuwa nauona mkono ule ukitoka, nikiita ukimya wake ridhaa.

Safari hii nikanyamaza. Baadaye nikauliza, "Hutaki kuacha kazi, au siyo?"

Akanitazama muda mrefu. "Nilikuwa nasubiri uniulize. Nilikuwa naogopa siku nitakayong'ata."

Haikuwa safari fupi kutoka hapo. Tuligombana, tukapatana, tukakubaliana kwamba wazee hawatazungumza ng'ombe mpaka sisi wawili tuzungumze makazi. Dalili ya mvua ni mawingu, na mimi nilikuwa mtu wa kungoja nilowe.

Asubuhi ya siku ya 10 nilifika mapema. Pusi alikuwa barazani, mzima wa afya, analamba mguu. Nikachuchumaa mbali, nikafumba macho polepole. Alinitazama. Akaendelea kulamba mguu. Nilipokata tamaa na kuketi karibu na mzee, nikasikia kitu kinapita kwenye suruali. Mkia wima, ncha imejikunja.

Sikumshika. Mzee akamtazama paka, akanitazama mimi, akamwita mkewe.

"Mama, leteni chai. Mura amejifunza."

Sasa tunaishi Mugumu. Paka tunaye, mjukuu wa Pusi, na amechanjwa.