Meli za Gaza: "bahari kuu" pekee haitoshi

Uzi mfupi. Jana barazani hapa Msambweni tulibishana hadi kahawa ikapoa: wanaharakati wanapeleka msaada Gaza kwa meli, mbona wakamatwe bahari kuu?

Mwaka 2010 wanajeshi wa Israel waliivamia Mavi Marmara kama maili 72 za baharini kutoka pwani. Hizo ni kilomita 130 na ushei, mbali kuliko Mombasa hadi Malindi. Watu 9 waliuawa, wa 10 akafa baadaye.

Lakini jamani, sheria ya vita inaruhusu mzingiro uliotangazwa utekelezwe hata nje ya maili 12. Pwani yetu hii hii, mwishoni mwa 1888, manowari za Waingereza na Wajerumani zilipekua majahazi zikisaka bunduki na watumwa.

Ubishi wenyewe uko tumboni. Mwongozo wa San Remo wa 1994 unakataza mzingiro ambao lengo lake pekee ni kuwashindisha raia njaa. Wakipungukiwa, chakula lazima kipite, hata kama kitapekuliwa kwanza. Hapo ndipo ripoti mbili za UN ziligongana. Ya 2010 ilisema mzingiro ni haramu. Ya 2011 iliutenganisha na kufungwa kwa mipaka ya nchi kavu, ikauita halali, ila nguvu iliyotumika ilipita kiasi.

Mimi niko na ya 2010. Mtu hali mipaka nusu nusu. Anayebisha aniambie: nchi kavu kumefungwa, baharini kumefungwa, unga upite wapi?