Kanuni za Lazima na Busara ya Mchangiaji: Mfano wa Ramani Huria ya Dar es Salaam

Makala haya yanafafanua namna kanuni kali na busara ya mchangiaji zinavyoweza kukaa pamoja katika kazi huria. Sera ya Debian, mradi wa programu huria ulioasisiwa na Ian Murdock mwaka 1993, hutenganisha masharti ambayo kila kifurushi cha programu hakina budi kuyatimiza na yale ambayo mtunzaji wake anaweza kuyaacha kwa sababu ya msingi.

Mgawanyo huo unaifaa pia Dar Ramani Huria, iliyoanza mwaka 2015, ambamo wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi walichora kata zenye mafuriko katika OpenStreetMap. Katika bonde la Msimbazi, jirani na Kariakoo, upana na kina cha mfereji havina budi kuandikwa kwa kipimo kimoja, kwa kuwa programu ya kukadiria mafuriko husoma tarakimu bila kuuliza. Lakini uchochoro unaogeuka mkondo wakati wa masika hujulikana na mkazi, hata kama fomu haikuutarajia.

Kwa hiyo, ukali uwekwe pale ambapo mtumiaji wa baadaye hana wa kumwuliza. Busara iachiwe aliyeshuhudia, ila sababu yake iandikwe ili mkaguzi aweze kuipima. Kanuni zikizidi, maarifa ya mkazi hupotea. Busara ikizidi, vipimo havilinganishiki. Katika hali zote mbili, hasara huangukia kaya za bondeni.