Kila Kitu na Adui Yake: Namna ya Kupanga Ghala, Jiko na Uwanja wa Nyuma



Mara nyingi katika ukurasa huu tumezungumza habari za shamba: kupalilia, kupanda miche, na kuchuma bila kuvunja matawi. Leo twataka kuingia nyumbani. Wala si ukumbini wanakokaa wageni, bali kule nyuma, yaani jikoni, ghalani na uwanjani pa kuanikia. Huko ndiko jasho la mwaka mzima linakowekwa, na huko ndiko linakopotea pasipo mtu kusikia kishindo.

Yafaa tuanze kwa kuungama kosa letu wenyewe. Mwaka mmoja mvua za vuli zilitukuta karafuu zingali majamvini. Tulizizoa haraka tukazitia guniani, na gunia tukaliegemeza kwenye ukuta wa jiko, tukiamini kwamba joto la moto litaimaliza kazi ya jua. Baada ya majuma mawili tukalifungua. Upande wa ukutani karafuu zilikuwa na ukungu, na upande wa mafigani zilinuka moshi. Tena mchele uliokuwa kando yake ulipopikwa, wali ulitoka na harufu ya karafuu hata watoto wakaukataa. Kituoni gunia lilirudishwa, na hatukuwa na mtu wa kumlaumu ila nafsi zetu.

Tangu siku hiyo tumefahamu jambo moja, nalo ndilo tutakalolieleza hapa. Nyumba nyingi hazina shida ya udogo wa nafasi. Shida ni kuweka pamoja vitu visivyopatana. Kila kitu cha nyumbani kina adui yake, na mara nyingine kinachokiponya kitu hiki ndicho kinachokiua kile.

Mfano wa Mbinga

Ili jambo hili lionekane vizuri, tumechagua mfano wa mbali kidogo na visiwa vyetu: Mbinga, katika Mkoa wa Ruvuma, na pwani ya Ziwa Nyasa iliyo chini yake. Tumeuchagua kwa sababu nyumba ya huko, kama yetu, huweka mahali pamoja chakula cha mwaka na zao la fedha.

Wamatengo wa Mbinga wakaa katika milima yenye miteremko mikali na baridi kali mwezi wa Juni na Julai. Wanajulikana kwa kilimo cha ngoro, yaani mashimo yanayopangwa safu kwa safu mlimani. Majani hufyekwa na kulazwa kwa miraba, kisha udongo huchimbwa katikati na kufukiwa juu yake. Mvua ikinyesha, maji hutuama shimoni badala ya kuteremka na udongo, na majani yaliyofukiwa huoza yakawa mbolea. Juu ya kuta za mashimo hayo hupandwa maharage na mahindi kwa zamu. Zao lao la fedha ni kahawa.

Ukiteremka kutoka Mbinga mpaka Mbamba Bay, safari ya kiasi cha kilomita 66, wafika ziwani. Hii ndiyo Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Mbinga mwaka 2012. Huko hali ya hewa ni ya joto, watu hula muhogo na samaki, na dagaa wa ziwa hilo huitwa usipa. Usipa mkavu hupanda mlimani, na mahindi na maharage huteremka ziwani. Basi si ajabu nyumba moja ya Mbinga kuwa na mahindi, kahawa, usipa na dawa za shambani kwa wakati mmoja. Hebu tutazame vitu hivi vinne, kimoja kimoja.

Mahindi na moshi

Tangu zamani, mahindi ya mlimani hupandishwa darini juu ya mafiga, au hutundikwa uchagani yakiwa bado na maganda yake. Moshi na joto huyakausha, na wadudu wengi hawaupendi moshi. Hii ni akili ya wazee, wala si ya kudharauliwa, hasa mahali penye ukungu na baridi.

Lakini mambo yamebadilika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alionekana nchini mdudu mpya, dumuzi, ambaye watu wengine humwita Skania. Alianzia upande wa Tabora, kisha akaenea. Mdudu huyu hupenda mahindi yaliyo katika magunzi, tena hutoboa hata miti ya ghala. Kwa hiyo shauri linalotolewa sasa ni kuyakausha mahindi, kuyapukuchua mapema, na kuyatia katika chombo kisichopitisha hewa: pipa lenye kifuniko cha kukaza, au ile mifuko ya kinga njaa yenye mifuko miwili ya plastiki ndani ya gunia moja. Hewa ikiisha humo ndani, mdudu hufa bila dawa.

Lakini mahindi yasiyokauka yakifungiwa humo huoza. Kuyapima ni kazi rahisi. Twaa chupa kavu yenye kifuniko, tia mahindi hadi robo yake, ongeza kijiko cha chumvi kavu, tikisa dakika chache, kisha uiache robo saa. Chumvi ikigandamana kwenye ukuta wa chupa, mahindi yangali na maji, yarudi juani.

Jambo hili si la mchezo. Mahindi na karanga zenye unyevu huota kuvu, na kuvu nyingine huacha sumu isiyoonekana kwa macho wala kuondoka kwa kupikwa. Sumu hiyo huitwa sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa kwayo katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na kilichowaua ni chakula walichokivuna kwa mikono yao na kukiweka majumbani mwao.

Kahawa na harufu

Sasa itazameni kahawa. Matunda mekundu humenywa siku ile ile yalipochumwa, kwa mashine ya mkono nyumbani au katika viwanda vidogo vya vikundi. Punje huvundikwa ili utelezi wake ulegee, huoshwa, kisha huanikwa juu ya meza za wavu zilizoinuliwa, ili hewa ipite juu na chini. Usiku na wakati wa mvua hufunikwa.

Baada ya hapo kahawa hutaka ghala kavu lenye hewa, na zaidi ya yote hutaka mahali pasipo na harufu. Kahawa huinyonya harufu iliyo karibu nayo, iwe ya moshi, ya mafuta ya taa, ya mbolea au ya samaki. Mwenye kuionja mnadani huijua mara moja, na bei hushuka.

Basi tazameni fumbo lenyewe. Moshi ule ule uliokuwa mlinzi wa mahindi ni mwizi wa bei ya kahawa. Mwenye nyumba akiviweka vyote viwili darini juu ya mafiga, huokoa chakula na kupoteza fedha. Akiviweka vyote chumbani penye baridi, kahawa haipati moshi, lakini mahindi ambayo hayajakauka huota ukungu. Hapana chumba kimoja kinachovifaa vyote viwili.

Usipa na dawa

Usipa huanikwa mchangani au juu ya vichanja. Wa kichanjani ni bora, kwa kuwa hauna mchanga na hukauka pande zote mbili. Adui yake ni unyevu na nzi, naye mwenyewe ni adui wa kila kilicho karibu naye kwa sababu ya harufu. Dawa yake ni chombo chenye kifuniko, mbali na zao la fedha.

Kitu cha nne ndicho cha hatari. Mkulima wa kahawa hupiga dawa za kuzuia chulebuni na kutu ya majani, kama sisi tunavyotumia dawa mbalimbali shambani. Katika nyumba nyingi, za huko na za kwetu, chupa ya dawa huwekwa chini ya kitanda au kwenye pembe ya ghala, kando ya unga. Wengine huimimina katika chupa ya soda. Mtoto hajui kusoma, ila chupa ya soda anaijua. Dawa iwe katika chupa yake yenye maandishi, ndani ya sanduku lenye kufuli, nje ya nyumba ya kulala, mahali pasipofikiwa na mkono wa mtoto. Bomba la kupigia liwekwe huko huko.

Mpango wa nyumba yetu

Haya yote yatufaa nini sisi wenye karafuu? Yatufaa sana, kwa kuwa karafuu ina maadui watatu, nayo ni adui wa wengine. Huogopa unyevu, ambao huleta ukungu. Huogopa joto jingi la moto na la bati, kwa sababu mafuta yake, ambayo ndiyo thamani yake, huruka na joto. Huogopa moshi na harufu ya mafuta ya taa. Tena yenyewe huipa harufu yake mchele, unga, sukari na majani ya chai.

Kwa hiyo twashauri nyumba igawanywe sehemu nne, hata kama sehemu nyingine ni pembe tu ya banda.

Ya kwanza ni pahali pakavu pa zao. Karafuu iingie humo ikiwa imekauka kweli: ukiikunja kwa vidole ivunjike kwa mlio, isipinde. Kilo 3 za karafuu mbichi hutoa kiasi cha kilo 1 kavu. Ukiona yako imezidi sana hapo, rudi majamvini kabla ya kufurahi. Gunia liwe safi, likae juu ya uchaga wa mbao ulioinuka kiasi cha nusu futi, na liache nafasi ukutani ambayo ufagio waweza kupita. Ukuta na sakafu hutoa maji hata vikionekana vikavu. Makonyo yawe na gunia lake.

Ya pili ni ghala la chakula. Liwe chumba kingine; na kama hakuna, basi chakula kikae katika mapipa na madebe yenye vifuniko vya kukaza. Ghala likijengwa nje, liinuliwe juu ya nguzo za futi 3, na kila nguzo ivishwe kofia ya bati iliyopinduka chini kama mwavuli, ili panya akwame njiani. Mti ulio karibu ukatwe matawi, maana panya huruka.

Ya tatu ni jiko. Mama na watoto wadogo ndio wanaokaa motoni, na moshi huwaumiza macho na vifua mwaka baada ya mwaka. Toboeni madirisha mawili yanayoelekeana, moja chini upande wa upepo, na jingine juu upande wa pili. Kama fedha yapatikana, jengeni jiko la udongo lenye dohani. Kuni zikae kwenye kichanja chini ya upenu, zikauke juma kadhaa kabla ya kutumika. Kuni kavu hutoa moshi kidogo. Vyombo vilivyooshwa vianikwe juu ya kichanja juani, si chini ambako kuku hupita. Karibu na mlango wa jiko na wa choo, tundikeni kibuyu chirizi na sabuni: dumu lenye tundu dogo, linaloinamishwa kwa kukanyaga ubao, ili mkono mchafu usiguse chombo.

Ya nne ni sanduku la dawa na mafuta, kama tulivyokwisha sema.

Mahali pa kuanza

Tunajua wengine watasema: "Maneno mazuri, lakini fedha hatuna." Twajibu kwamba sehemu kubwa ya kazi hii haitaki fedha. Kesho asubuhi, mwenye nyumba na mkewe wasimame pamoja mlangoni pa ghala, watoe kila kitu nje, na wakiulize kila kimoja maswali mawili: Wewe wamwogopa nani? Na nani akuogopa wewe? Kisha warudishe vitu ndani kwa majibu hayo. Mbao chache za uchaga zaweza kutoka katika kitanda kibovu.

Twasema mume na mke kwa makusudi. Mara nyingi baba ndiye anayejua bei ya gunia, na mama ndiye anayejua mahali paa linapovuja na usiku panya hupita wapi. Mpango uliofanywa na mmoja peke yake hudumu siku saba.

Kabla ya msimu ujao, basi, kila mwanachama na afanye walau jambo moja: ainue magunia yake kutoka sakafuni. Mmatengo akiutazama mlima wake hawezi kuizuia mvua isinyeshe. Aliyoyaweza ni kuyapangia maji mahali pa kukaa. Nasi vuli hatuwezi kuizuia. Lakini ikija, na itukute gunia liko juu ya mbao, chakula kiko pipani, na sumu iko ndani ya kufuli.