IKAMA SALAMA YA WATUMISHI KATIKA VITENGO VYA DHARURA

Wananchi wengi wanaofika usiku katika kitengo cha dharura cha hospitali ya mkoa huuliza kwa nini wanasubiri, ilhali orodha ya watumishi wa kitengo hicho ni ndefu. Suali hilo ni la haki, na jawabu lake linawahusu pia maofisa wa utumishi wanaopanga ikama na kuidhinisha uhamisho.

Kitengo cha dharura hakifungwi. Wiki moja ina saa 168, na mtumishi mmoja hufanya kazi kiasi cha saa 40. Kwa hesabu hiyo, nafasi moja ya muuguzi isiyoachwa wazi usiku wala mchana huhitaji watu wanne na ziada. Zikiingizwa likizo, maradhi na mafunzo, hufikia watano. Kwa hiyo wauguzi 20 walioandikwa katika orodha ni wauguzi wanne tu katika zamu. Watano kati ya hao 20 wakienda masomoni kwa muda mrefu, au wakihamishwa bila ya kupatiwa badala, zamu hubakiwa na watatu.

Idadi inayotosha hutegemea wagonjwa waliopo na uzito wa hali zao. Katika jimbo la California, Marekani, sheria ya mwaka 1999 iliyoanza kutekelezwa hospitalini mwaka 2004 iliweka kikomo: katika kitengo cha dharura muuguzi mmoja asihudumie wagonjwa zaidi ya wanne, wakiwa mahututi, wasizidi wawili, na majeruhi aliye mahututi awe na muuguzi wake peke yake. Muuguzi anayepokea na kupanga wagonjwa hahesabiwi katika viwango hivyo.

Kutohesabiwa kwake kuna sababu. Katika utaratibu wa rangi uliobuniwa Afrika ya Kusini, mgonjwa wa rangi nyekundu huhudumiwa papo hapo, wa rangi ya machungwa ndani ya dakika 10, wa manjano ndani ya saa moja na wa kijani ndani ya saa nne. Mpangaji akiitwa kusaidia kitandani, mwenye hali mbaya aweza kukaa kwenye benchi bila ya kutambuliwa. Katika hospitali ya Stafford, Uingereza, uchunguzi wa mwaka 2009 ulibaini kwamba makarani wa mapokezi wasio na mafunzo ya tiba ndio waliokuwa wakiwakadiria wagonjwa wa dharura. Ripoti ya mwaka 2013 ilieleza kuwa upungufu wa wauguzi hospitalini hapo uliambatana na juhudi za kubana matumizi.

Visiwani kuna jambo jengine la kuzingatiwa. Mgonjwa wa Pemba anayepewa rufaa kwenda Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, hana budi kuvuka bahari. Muuguzi akimsindikiza, zamu iliyokuwa na watatu hubakiwa na wawili. Mmoja akipokea, mwengine huachiwa vitanda vyote. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa sababu hiyo, ikama salama hupimwa kwa zamu, wala si kwa orodha ya mishahara. Maofisa wa utumishi, kabla ya kuidhinisha uhamisho au masomo, wanapaswa kuuliza ni zamu ipi itakayopungukiwa na nani atakayeijaza. Wakuu wa zamu nao waandike katika daftari idadi ya watumishi na wagonjwa kila zamu inapopokezana, kwani pengo lisiloandikwa ni vigumu kuombewa fedha.

Wananchi wanaombwa kuanzia katika vituo vya afya vilivyo karibu nao kwa maradhi yasiyo ya dharura. Aidha, wanaombwa kufahamu kwamba mgonjwa aliyechelewa kufika akitangulizwa, huo si upendeleo, bali ndio utaratibu unaookoa maisha.