Mwembe, mbao au plaiwudi: boti ya kujenga uani
Tuseme unataka boti ya mita 5 ya kuvulia kwa mshipi na nyavu ndogo karibu na pwani, na unataka kuijenga mwenyewe nyumbani. Kabla ya kuulizia bei, pima. Boti ya ukubwa huo ina eneo la mita za mraba 10 hivi la kufunika, mbavu na chini. Kwa mbao za inchi 1 kwa 8, urefu futi 12, andaa kama 18, maana nyingine zitaishia kuwa vipande. Kwa plaiwudi ya futi 8 kwa 4, andaa 5. Zidisha kwa bei ya mtaani kwako.

Kati ya njia tatu, mtumbwi wa kuchonga ndio rahisi kuliko zote ikiwa mwembe ni wako. Hauna maungo, kwa hiyo hauhitaji kalafati. Lakini upana wake hauzidi gogo, ndiyo maana ngalawa hufungwa matengo ili isipinduke, na mwembe huoza mapema kuliko mvule.

Boti ya mbao ni habari nyingine. Mvule hudumu, ila ni ghali, na nchini Tanzania mbao zisizo na hati ya kusafirishia zinaweza kukamatwa njiani. Juu ya zile 18 ongeza mkuku, mataruma, pamba na mafuta ya kalafati, na ujira wa fundi. Huo wa mwisho usiukwepe. Mafundi wa pwani, kama wale wa Nungwi na Matondoni, hupinda ubao na kuulinganisha kwa jicho, na ustadi huo haupatikani kwenye boti ya kwanza. Faida ya mbao huja baadaye: ubao mmoja ukioza, unang'olewa huo tu.

Plaiwudi ndiyo inayomfaa mgeni wa kazi hii. Unakata vipande kwa ramani, unavishona kwa waya, kisha unaziba maungo kwa epoksi na kitambaa cha faiba. Gharama kubwa iko kwenye epoksi, na hatari iko kwenye plaiwudi yenyewe, kwani nyingi madukani ni za dari na makabati. Omba kipande, kichemshe kwenye sufuria saa kadhaa, kikauke, kisha ingiza ncha ya kisu kati ya tabaka. Zikiachana, usinunue hata moja. Tazama pia ukingo: palipo na pengo ndani, maji yatakaa hapo.

Misumari iwe ya shaba au iliyochovywa zinki. Msumari wa kawaida huota kutu, na kutu hula mbao inayouzunguka.

Kwa boti ya kwanza, mimi nachagua plaiwudi iliyofaulu jaribio la sufuria. Kama utakuwa unaiburuta juu ya matumbawe kila siku, chagua mbao na umlipe fundi. Fedha zikipungua, jenga ya mita 4, lakini gundi na misumari ibaki ile ile.